Mgeni wa Hema Katika Pwani ya Waalbania

Sisi watu wa pwani hatukuzoea kutoa pesa ili tulale hemani. Hema kwetu ni la askari aliye vitani, la mkimbizi aliyefukuzwa kwao, la skauti wa shule, na kwa yule aliyejaaliwa, ni hema la Mina siku za Hija. Mtu mwenye nyumba ya mawe yenye dari ya boriti, au hata kibanda cha makuti kinachoingiza upepo, ukimwambia afunge mizigo avuke bahari kwenda kulala chini ya turubai, atakugusa paji la uso aone kama una homa.

Walakini wasafiri wengi wa Ulaya siku hizi ndivyo wafanyavyo. Wamechoka na mahoteli ya ghorofa kumi yaliyobanana ufuoni, ambamo mtu hutoka usingizini akapanga foleni ya chai. Waingereza wamelibunia jambo hili neno, glampingi, ambalo wameliunga kwa maneno mawili, moja la kupiga kambi na jingine la madaha. Maana yake ni hema lenye kitanda cha haki, godoro, shuka safi, taa ya umeme na zulia chini, na aghalabu choo na maji ya kuogea hayako mbali. Mgeni hupata sauti ya mawimbi na harufu ya majani kama aliyepiga kambi, lakini mgongo wake haulali juu ya mawe.

Jambo lenyewe si jipya. Masultani wa Kituruki walikuwa wakienda vitani na mahema yaliyotariziwa kama mapazia ya bibi harusi. Na hapa kwetu, mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipotoka tu katika urais wa Marekani alishuka Mombasa, akaingia bara kuwinda na msafara wa mamia ya wapagazi waliomchukulia mahema, vitanda, hata vitabu vyake. Tangu siku zile hema kubwa la turubai lenye kibaraza mbele likashikamana na jina la nchi zetu. Leo wauzao mahema hayo Ulaya huyaita mahema ya safari, kwa neno letu hilo hilo. Kwa hiyo Mswahili aendapo kulala humo, huenda kukutana na neno lake lililotangulia ugenini.

Mimi nilikutana nalo mwezi wa Septemba mwaka 2024 katika kijiji cha Borsh, kusini mwa Albania, nikakaa siku sita.

NCHI YENYEWE

Albania ni nchi ndogo iliyo kaskazini ya Ugiriki, ng'ambo ya Italia. Sensa ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 2.4 hivi, pungufu sana kuliko milioni 2.8 waliohesabiwa mwaka 2011, kwa sababu vijana wengi wamehama kutafuta kazi. Karibu nusu ya waliohesabiwa walijitaja kuwa Waislamu, na wengine ni Wakristo wa Kiothodoksi na wa Kikatoliki, na wako pia wafuasi wa tarika ya Bektashi. Waturuki waliitawala kwa zaidi ya karne nne, hata bendera ya uhuru ilipopandishwa katika mji wa Vlorë tarehe 28 Novemba mwaka 1912.

Pwani yake ina zaidi ya kilomita 400. Upande wa kaskazini, bahari ya Adriatiki, nchi ni tambarare na fuo zake ni za mchanga. Upande wa kusini, bahari ya Ionia, milima imekuja mpaka majini, na vijiji vimening'inia juu ya miteremko kama viota vya ndege. Huko kusini ndiko uzuri uliko, na ndiko nilikoelekea.

Kutoka Nairobi niliruka mpaka Istanbul, na kutoka Istanbul mpaka Tirana, mji mkuu. Kutoka Tirana nilipanda gari dogo la abiria ambalo wenyewe huliita furgon. Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa furgon ni nini. Ni matatu, isipokuwa haina jina la mchezaji mpira ubavuni, na kondakta ndiye dereva mwenyewe. Haiondoki mpaka ijae.

Vlorë nilishuka kuswali katika Msikiti wa Muradie, jengo dogo la karne ya 16 lenye kuba na kuta zenye mistari ya matofali na mawe, ambalo husemekana ni kazi ya Sinan, yule fundi mkuu wa masultani. Kutoka hapo njia hupanda mlima wa Llogara, mahali palipo juu ya bahari zaidi ya mita 1,000. Zamani kila gari lilipaswa kupanda kona kwa kona mpaka kileleni. Mwezi wa Julai mwaka 2024 lilifunguliwa shimo la barabara lililotobolewa ndani ya mlima, urefu wa kilomita 6 hivi, na safari iliyokuwa ya nusu saa na zaidi ikawa ya dakika chache. Wenyeji wanalifurahia na kuliogopa kwa pamoja, na sababu ya hofu yao nitaieleza mbele.

KAMBI YA MIZEITUNI

Borsh ina ufuo wa kilomita 7 hivi, mmoja katika fuo ndefu kabisa za upande ule, na nyuma yake ni bonde lililojaa mizeituni. Kambi niliyofikia ilikuwa na mahema manane tu, yametandazwa chini ya miti hiyo. Kila hema limesimama juu ya jukwaa la mbao, lina vitanda viwili, chandarua, feni, taa na kisanduku cha kufungia pasipoti. Vyoo na bafu vilikuwa vya pamoja, vya mawe, safi. Nililipa yuro 35 kwa usiku mmoja kwa hema zima, na staftahi ndani ya hesabu: mkate, jibini, zeituni, asali, tini, na chai ya majani ya mlimani ambayo wao huiita "çaj mali". Wageni wawili wa Kijerumani waliotoka kisiwa cha Corfu, kisiwa cha Ugiriki kionekanacho kutoka pale, waliniambia kule walilipa zaidi ya mara mbili kwa chumba cha kawaida, na ufuoni hawakupata pa kutandika taulo.

Bahari yao ina mambo ya kumshangaza mtu wa kwetu. Kwanza, haina mchanga pale, ina kokoto nyeupe za mviringo, na asiyekwenda na makubadhi atacheza ngoma asiyoitaka. Pili, maji hayapwi wala hayajai ila kwa kiasi kidogo mno, hata mvuvi hana habari ya bamvua wala maji mafu. Niliweka jiwe kando ya maji alfajiri, na adhuhuri nikalikuta lilipokuwa. Tatu, kwetu jua huchomoza baharini, kule huzama baharini. Kila jioni nilikuwa naliona likiingia majini mpaka ukingo wa mwisho, na hapo najua Magharibi imeingia bila ya kutazama saa.

Kwa utulivu, hakuna la kusema. Mwezi wa Septemba katika ufuo ule mrefu nilikuwa nikitembea nusu saa nikakutana na watu watatu na mbuzi wengi. Yatambulike lakini kwamba Albania yote si hivyo. Ksamil na Sarandë, upande wa kusini zaidi, mwezi wa Agosti hujaa watu kama feri ya Likoni saa za kutoka kazini.

KIBLA CHA BIBI MZEE

Siku ya kwanza nilimuuliza mwenye kambi kibla ni upande gani. Akakuna kichwa. Si kwamba hana dini. Jina lake ni la Kiislamu, na babu zake walisali katika msikiti ambao magofu yake yako bado ndani ya ngome kuukuu juu ya kijiji. Lakini yeye alizaliwa mwaka 1968, na ili kuuelewa mkuno ule wa kichwa, sharti mtu ajue yaliyotokea mwaka mmoja kabla.

Mwaka 1967 mtawala wa nchi ile, Enver Hoxha, alipiga marufuku dini zote, akatangaza kuwa nchi yake ni ya kwanza duniani isiyo na Mungu. Misikiti na makanisa zaidi ya 2,000 vikafungwa, vingine vikavunjwa, vingine vikageuzwa maghala na kumbi za michezo. Masheikh na mapadri wakatiwa gerezani. Hoxha alikufa mwaka 1985, na marufuku haikuondoka mpaka mwaka 1990. Ijumaa ya tarehe 16 Novemba mwaka huo, katika mji wa Shkodër, maelfu ya watu walikusanyika mbele ya msikiti mkongwe, na aliyewasalisha alikuwa Hafidh Sabri Koçi, mzee aliyekaa gerezani miaka 20 hivi kwa ajili ya dini yake. Waliokuwa vijana siku ile hawakujua hata jinsi ya kusimama safu.

Basi mwenye kambi alipokuna kichwa, mama yake, bibi mzee aliyepita miaka themanini, alikuwa ameketi chini ya mzeituni akichambua maharage. Hakusema neno. Aliinua mkono wenye kisu, akaelekeza kando ya ufuo upande wa Sarandë, kusini mashariki, akaendelea na kazi yake. Nilipima kwa dira ya simu yangu. Hakukosea hata kidogo.

Baadaye, mjukuu wake akitufasiria, alinieleza kwamba miaka ile walikuwa wakipika daku gizani, blanketi limetundikwa dirishani ili moshi na mwanga visionekane. Mchana wa Ramadhani walimu walikuwa wakiwapa watoto chakula darasani ili wajulikane wa nyumba zinazofunga. Watoto wake aliwaambia wale. Yeye na mumewe walifunga, na watoto hawakuambiwa. "Mtoto hawezi kusema asilolijua," alisema. Ndiyo maana mwanawe hakujua kibla: alifichwa ili asalimike. Siku ya tatu nilimwona yule mjukuu, kijana wa miaka kumi na tisa, amesimama mbali kidogo nyuma yangu wakati wa Alasiri, akitazama jinsi ninavyofunga mikono. Sikumwita. Siku ya nne alikuja mwenyewe, ameshatawadha.

MSAFIRI NA MGENI

Asubuhi ya pili nilisikia bibi mzee akimwambia mjukuu wake maneno mengi ambayo sikuyaelewa, ila moja lilinigutusha: "mysafir". Nikadhani ananisema kwamba mimi ni msafiri, na kweli ndivyo nilivyo. Kumbe katika lugha yao "mysafir" ni mgeni. Neno ni lile lile la Kiarabu, lililofika kwao kwa Waturuki na kwetu kwa majahazi. Sisi tulilitia njiani, wao wakalitia ndani ya nyumba. Na neno safari, lililo katika jina la hema lile, ni la mzizi huo huo mmoja.

Tangu hapo ikawa mchezo wetu wa jioni kutafuta ndugu wa maneno. Wao husema "sebep", sisi sababu. Wao "hesap", sisi hesabu. Wao "dynja", sisi dunia. Duka kwao ni "dyqan", na "inat" yao ni inadi yetu, na mjukuu alihakikisha kwamba kwao pia ni maradhi ya majirani. Sabuni ni "sapun", saa ni "sahat", na chai, kama nilivyosema, ni "çaj".

Wana na neno lao wenyewe ambalo hatuna, "besa". Ni ahadi ambayo mtu akiitoa, ni afadhali afe kuliko kuivunja, na juu ya yote humhusu mgeni aliyeingia nyumbani mwako. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walipoikalia Albania, familia nyingi za Kiislamu na za Kikristo ziliwaficha Mayahudi kwa ajili ya besa hiyo, na vita vilipokwisha Mayahudi waliokuwa Albania walikuwa wengi kuliko kabla ya vita. Ni nchi chache za Ulaya ziwezazo kusema hivyo.

ARDHI ISIYO NA HATI

Nilimuuliza mwenye kambi kwa nini alichagua mahema, badala ya kujenga nyumba ndogo za mawe kama za kijiji chake. Nilitazamia anitajie uzuri wa turubai. Jibu lake lilikuwa fupi: hana hati.

Wakati wa Hoxha mashamba mengi yalikuwa ya vyama vya ushirika. Mwaka 1991 ilipitishwa sheria nambari 7501, iliyowagawia ardhi hiyo wale waliokuwa wakiilima. Lakini wenye ardhi wa zamani, na watoto wao, nao walidai mipaka ya mababu. Hivyo mahali pengi kiwanja kimoja kikawa na wadai wawili, kila mmoja na karatasi yake. Shamba la mwenyeji wangu lina kesi ya mpaka na jamaa wa baba yake, na kesi ikiwapo hapati ruhusa ya kujenga. Hema halina msingi. "Likija agizo," aliniambia, "nang'oa vigingi, nafunga turubai, na mizeituni inabaki." Pesa za mahema aliziweka akiba kwa miaka kumi na minne ya kazi ya ujenzi huko Ugiriki, akijenga nyumba za watu wengine.

Msomaji wa pwani ya Kenya hana haja ya kufasiriwa maneno hayo. Ajuaye ardhi bila ya hati ni nini anajua pia kwamba mwenye pesa akija, haulizi nani alipanda mti.

Na wenye pesa wanakuja. Wageni walioingia Albania mwaka 2023 walipita milioni 10, na mwaka 2024 walikaribia milioni 12, katika nchi ya watu milioni 2.4. Mwezi wa Februari mwaka 2024 bunge lilibadili sheria ya hifadhi, ikaruhusiwa kujenga mahoteli ya nyota tano hata ndani ya maeneo yaliyolindwa. Karibu na Vlorë, mahali ambapo mto Vjosa huingia baharini na ndege aina ya flamingo hutua ziwani, umejengwa uwanja wa ndege ambao wahifadhi wa mazingira wameupinga. Mto wenyewe ulitangazwa mbuga ya taifa mwezi wa Machi mwaka 2023. Na kisiwa cha Sazan, kilichokuwa kambi ya jeshi, kimepangiwa hoteli ya kifahari na kampuni ya Jared Kushner, mkwe wa Donald Trump. Sasa shimo la Llogara limefupisha njia, na kilichokuwa mbali kimekuwa karibu. Hiyo ndiyo hofu niliyoitaja.

Mwenyeji wangu ameshatembelewa na dalali. Bei aliyotajiwa, asema, hata baada ya kugawana na jamaa, ingemtosha kununua nyumba mbili Tirana. Kaka yake aliye Athens anataka pauzwe. Mama yao hataki, na sababu yake ni mizeituni, ambayo mumewe aliikuta na babu wa mumewe aliikuta. Yeye mwenyewe yuko kati. Alinionyesha mzeituni ambao watu watatu hawawezi kuukumbatia, akasema, "Huu hauna hati, na hakuna aliyeushitaki."

KWA ANAYETAKA KWENDA

Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Albania, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Aliye na viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, na ambaye ameshaitumia, huruhusiwa kuingia kwa hiyo, lakini ni vyema kuhakikisha kabla ya kukata tikiti. Fedha yao ni lek, na kama lek 100 hufanya yuro moja. Mwezi wa Juni na wa Septemba ndiyo miezi ya mtu mwenye busara: bahari ina joto la kutosha, bei zimeshuka, na watu ni haba.

Juu ya chakula, usidanganyike kwa majina ya watu. Nguruwe huuzwa, na nyama si zote zilizochinjwa kwa sheria. Uliza kwa neno lao, "hallall", nao wataelewa. Mimi nilishika samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni, na "byrek", mkate wa matabaka wenye mchicha na jibini, ambao ni binamu wa sambusa. Mgeni huletewa raki, pombe yao ya zabibu, hata asubuhi. Weka mkono kifuani, sema "faleminderit", yaani ahsante, na hakuna atakayekasirika. Ufuoni watu huvaa watakavyo, lakini katika kilomita 7 mtu na ahali yake hawakosi mahali pa faragha.

Na ukienda, nenda kwa wenye mahema manane, usiende kwa wenye vyumba mia nane. Bei ni nafuu, lakini hiyo si sababu kubwa. Pesa unayolipa pale ndiyo hoja pekee aliyo nayo mtu yule mbele ya kaka yake na dalali: kwamba shamba la mizeituni, likiachwa lilivyo, laweza kulisha nyumba. Kesi yake inatajwa tena, na hajui itakwishaje. Kila mwaka mahema yakijaa, jibu la mama yake hupata nguvu. Yakikaa matupu, vigingi ni vyepesi kung'oa.